Jozi Kumi na Moja

Kwenye hitima ya mama yangu alisimama bwana mmoja, mume wa binamu yangu, akaombwa aseme machache kuhusu marehemu. Akasema mama alikuwa mcheshi, mcha Mungu, na mpole. Mpole? Sijui alikuwa anamsema nani. Kisha akainamisha kichwa, akapunguza sauti. "Na masikini, wengi mnajua, marehemu hakuwa na uwezo wa kunusa. Aliishi na upungufu huo miaka yote, akavumilia." Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, na wakati huo huo kutoka uani ikaja harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia motoni. Damu ikanichemka. Akavumilia! Mama yangu hakuvumilia kitu. Mama yangu alikataa, na nilikuwepo siku aliyokataa, nikiwa na umri wa darasa la pili. Ninyi wa rika langu, mliokunywa maziwa ya miaka ile, nisikilizeni.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kwai, kwenye kona ya mlima ambako jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Ujamaa ulipokuja tuliteremshwa kutoka vilimani kwetu tukajenga pamoja, tukalima shamba moja la viazi na kabichi, na kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili, tukaanzisha kituo cha maziwa. Kilikuwa kijumba cha mawe kando ya kijito, kilichoachwa na mzungu wa zamani. Ndani zilisimama keni nne, yale madumu makubwa ya aluminiamu yenye mashikio mawili, zimezama nusu kwenye maji ya baridi zikisubiri gari la kuzipeleka Lushoto.

Kazi ya mama ilikuwa kusimama mlangoni na kunusa. Ndiyo, kunusa tu. Asubuhi wanawake walipanga foleni na ndoo zao na vibuyu vyao, wakisalimiana kwa Kishambaa, onga makeo, onga makeo, na mama akafunua kila chombo, akainama, akavuta pumzi. Akiitikia kwa kichwa, maziwa yanamiminwa kwenye keni. Akitikisa kichwa, unarudi nyumbani na maziwa yako, na habari inakutangulia njiani. Hakuogopwa bure. Chombo kimoja kilichoanza kuchacha kikiingia kwenye keni, keni nzima inaharibika kabla ya gari kumaliza kona za mlima. Pua ya mama ilikuwa na sifa mpaka gulioni Soni. Alijua nani ameosha kibuyu kwa maji ya baridi na nani amechanganya maziwa ya jana. Wanaume wa kamati hawakufurahia mwanamke kuwa na neno la mwisho namna hiyo, lakini wangefanya nini? Pua ilikuwa yake.

Masika moja alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akateleza, akaanguka chali, kisogo kikagonga jiwe. Alilala kimya kidogo, kisha akainuka, akalitukana lile jiwe, akabeba mzigo wake mpaka nyumbani. Kichwa kilimuuma siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa natoka shule, na kabla sijafika uani nikasikia harufu ya maharage yanayoungua. Nikakimbia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, hatua moja tu kutoka kwenye chungu, anachambua mboga.

"Mama, maharage yanaungua!"

"Wapi?" akaniuliza.

Sijasahau alivyolisema lile neno. Akaepua chungu, akainamia moshi, akakaa hapo muda. Akachukua kitunguu, akakiponda kwa jiwe, akakishika chini ya pua. Akanigeukia. "Zaina, hiki kinanuka?" Nikamwambia kinanuka sana. Akakitupa kwenye majivu.

Baba alikuwa kwenye mashamba ya katani huko chini Korogwe, kwa hiyo zahanati tulienda wawili. Mganga wetu alikuwa kijana kutoka bondeni, Athumani. Watu walimwita dresa, yaani mfunga vidonda, ingawa alikuwa amesoma zaidi ya udresa na jina hilo halikumfurahisha. Akamfumba mama macho, akampitishia puani kahawa, kisha sabuni, kisha ganda la chungwa. Mama akawa anasema hamna, hamna, hamna. Ndipo Dresa akatoa daftari lake la chuoni lenye mchoro wa ubongo kwa penseli.

"Mama Zaina, kichwani zinatoka jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu. Siyo ya damu. Hii ndiyo inayoleta habari kwenye ubongo na kupeleka amri. Lazima niipime yote."

Akampima, na mimi mlangoni nikawa najipima naye. Jozi ya kwanza ni ya kunusa, hiyo tayari. Ya pili ya kuona, akamsomesha kalenda ya ukutani. Ya tatu, ya nne na ya sita zinaendesha macho, kwa hiyo mama akafuata kidole chake juu, chini, na pembeni. Ya tano ni ya hisia za uso na kutafuna: akamgusa mashavu kwa pamba, akamwambia aume meno. Ya saba, tabasamu. Mama akakenua kama anayemdhihaki mtu. Ya nane, akamsugulia vidole karibu na sikio. Kwa ya tisa na ya kumi akamwambia aseme aaa, amwangalie koo. "Ya kumi na moja ni ya shingo na mabega. Inua mabega." Mama akainua mabega vizuri sana, maana hayo ndiyo aliyomjibia Mwenyekiti wa kijiji kila siku. Ya kumi na mbili ni ya kuchezesha ulimi. Akautoa wote.

"Zote nzima," alisema Dresa, "isipokuwa ile ya kwanza. Zile ni nyuzi ndogo ndogo zinapita kwenye mfupa wa matundu hapa juu ya pua, kama chujio la chai. Ulipogonga kisogo ubongo ulitikisika, nyuzi zikakatika."

"Zitarudi?"

"Pengine. Mara nyingi hazirudi."

Sasa, mimi nilisikia zimekatika. Kitu kikikatika kinadondoka, na kikidondoka kinaokotwa. Nilishangaa watu wazima wawili wenye akili zao wamekaa wanatazamana badala ya kwenda kutafuta. Kesho yake baada ya shule nilipanda mpaka kwenye lile jiwe. Nilitambaa kwenye majani mabichi, nikafukua kwa vidole, na Mungu si Athumani, nikaziona! Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zimejisokota chini ya majani yaliyooza. Nilizifunga kwenye jani la mgomba nikakimbia nazo zahanati.

Dresa alifungua lile jani, akaangalia zile nyuzi, mizizi tu ya uyoga, kisha akaniangalia mimi na magoti yangu ya matope. Hakucheka. Laiti angecheka. "Umefanya vizuri sana, mwanangu," alisema. "Lakini zimeshakauka."

Nikajua nimechelewa siku nne. Niliibeba hatia hiyo peke yangu, na siku mama aliponiita, nilikuwa tayari kwa lolote. "Pua yako nzima?" akauliza. Nikamwambia nzima. "Basi kesho unakuja na mimi kituoni. Na mdomo wako ukae kimya."

Tulifanya hivi. Mimi nilikuwa mshika vifuniko. Harufu ya maziwa hujificha chini ya kifuniko, kwa hiyo nilikipokea, nikakipitisha usoni kama nafuta jasho, kisha nikamrudishia mwenyewe. Maziwa yakiwa mazuri, nilirudisha kwa mkono wa kulia. Yakiwa mabaya, kwa kushoto. Mama aliinama juu ya chombo kama zamani, akavuta pumzi kama zamani, jicho lake likiwa kwenye mkono wangu. Ilikwenda vizuri, ila nilipata sifa mbaya. Bi Mwanaidi, jirani yetu, ambaye vibuyu vyake vilirudishwa kuliko vya mtu yeyote, alisimama katikati ya foleni akasema kwa sauti, "Mtoto huyu amelelewa na nani? Kila siku mimi ananipa kwa kushoto!"

"Kosha kibuyu chako atakupa kwa kulia," mama akajibu, na foleni nzima ikacheka bila kujua imeambiwa siri.

Baridi ikaingia. Mnaijua baridi ya kwetu: ukungu unakaa mpaka mchana, moshi hautoki jikoni, na hakuna mtu asiyevuta kamasi. Asubuhi moja niliamka, nikashika kifuniko cha kwanza, nikavuta. Hamna. Cha pili, hamna. Nilikuwa nimejigonga kwenye boriti ya mlango jioni iliyopita, na pale pale nikajua: na zangu zimekatika. Haikunijia kabisa kwamba ni mafua. Mafua nilikuwa nayaugua kila mwaka lakini sikuwahi kuwa na kazi ya kunusa, ningejuaje kwamba yanaziba harufu? Nilichokijua ni kwamba mama sasa hana pua hata moja duniani, na nikisema, basi amekwisha. Nikarudisha vifuniko vyote kwa mkono wa kulia. Bi Mwanaidi alinipongeza.

Jioni yake dereva alipita na habari. Keni mbili zilikuwa zimeganda njiani, zikamwagwa kwenye mtaro mbele ya watu. Maziwa ya nyumba kumi na kitu, jasho la siku nzima, yalitiririka kando ya barabara. Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumamosi mchana.

Mama hakunipiga. Aliniketisha mbele yake. "Zaina, siku ile ulinusa?" Akanibana pua kwa vidole viwili, akasikia ninavyohema kwa mdomo. Nikaangua kilio nikasema yote: boriti, nyuzi zilizokatika, lile jani la mgomba na nilivyochelewa siku nne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuona ni wapi kicheko kiligeuka kuwa kilio. "Mjinga wewe," akasema, ananifuta kamasi kwa kanga yake. "Mjinga wangu wewe. Haya ni mafua!"

Kesho yake akanikokota mpaka zahanati. "Mwambie mtoto ukweli," akamwambia Dresa. Dresa akanieleza, na akaniomba radhi, mtu mzima kwa mtoto. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, unakula vizuri?"

"Nakula udongo. Kila kitu udongo. Ulimi ulikufa siku moja na pua."

"Nani amekwambia?"

"Niambiwe na nani, wakati naula mwenyewe?"

Dresa akapiga daftari kwa kiganja. "Ulimi si wa jozi ile! Utamu wa chakula mwingi ni harufu, huo umekwenda, sikudanganyi. Lakini chumvi, sukari, uchungu na ukali vinakuja kwa jozi nyingine, ya saba na ya tisa. Fumba macho, toa ulimi." Akamdondoshea chumvi. Mama akasema chumvi. Akaweka sukari, mama akasema sukari. Akamgusisha kidonge cha kwinini, mama akatema mpaka mlangoni na kumtukana kwa Kishambaa. Mwisho akamkamulia ndimu, na mama akaruka kwenye kiti.

"Kali!" akapiga kelele. "Zaina, ni kali! Kali jamani!" Alikuwa anashika ulimi wake kwa vidole, anautazama kwa makengeza, na mimi nikawa naruka naye. Hakuna aliyehitaji kutuambia maziwa yanayoanza kuharibika yana ladha gani.

Jumamosi watu walijaa uwanjani mbele ya kituo, wamejifunika mablanketi, na siri yetu ilikuwa imeshavuja kutoka zahanati. Mwenyekiti akafungua mkutano, akapenga kamasi, akaendelea. "Ndugu wananchi, tumepata habari za kusikitisha. Mnusaji wetu hanusi. Kumbe ametuficha miezi. Kamati inapendekeza kazi apewe kijana Hoza." Hoza alikuwa mpwa wake. Akasimama aonekane, anajifuta pua kwa mkono wa shati.

Mama akasimama. "Shikamooni wazee. Ni kweli, sinusi. Nilianguka na majani ya ng'ombe, ng'ombe ambaye maziwa yake mmekunywa. Kuficha ni kosa langu, naomba radhi. Na maziwa yale niliyapitisha mimi." Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Mkono wake ukanikandamiza begani, mzito kama gogo. "Mimi peke yangu. Lakini kutoka hapa mlangoni, sitoki. Leteni maziwa mnipime. Na hao wenye pua wapimwe pamoja nami."

Mwenyekiti akasema haya si maigizo. Watu wakasema leta, leta! Kamati ikajitenga nyuma ya kijumba na kuleta vikombe vitano. Hoza akanusa vyote, anavuta hewa kwa nguvu, puani kunasikika maji. Akasema vyote safi. Mwenyekiti naye akanusa, akatoa leso, akanusa tena, akasema anamuunga mkono Hoza. Mama akamimina tone kiganjani kutoka kila kikombe, akaonja, akisukutua kwa maji kila mara. Kwenye cha tatu akasimama. "Hiki."

"Unabahatisha," alisema Hoza.

Mama alichota kijiko kutoka kikombe kile, akakishika juu ya jiko la mkaa alilokuja nalo, mbele ya macho yao. Maziwa yakachemka, yakaganda mabonge mabonge, maji yakajitenga pembeni. Akachemsha na ya vikombe vingine, yakabaki laini. Uwanja ukavuma.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Akaita mtoto mmoja asiye na mafua, akamnusisha kikombe cha tano. "Beberu!" yule mtoto akasema, anakunja uso. Maziwa yale yalikuwa yamelazwa kwenye banda la beberu kwa makusudi. "Je, Mama Zaina, hilo mbona hukulisema?" Watu wa kamati wakacheka.

Nilihisi tumekwisha. Mama akaonja tena kikombe cha tano, polepole, akatikisa kichwa. "Hilo limenishinda," akasema wazi. "Harufu ya beberu ulimi hauniambii, na sitadanganya tena. Maziwa ya kunuka beberu yanachukiza, mleta chombo atanieleza mwenyewe na mtoto wangu atanisaidia mbele yenu, bila kificho. Lakini hayaharibu keni. Yaliyochacha ndiyo yanayoharibu, na hayo nimewakamatia mimi, nyie wenye pua mkayapitisha." Akahesabu kwa vidole. "Mtu ana jozi kumi na mbili kichwani. Nimepoteza moja. Kumi na moja ninazo, na ninazijua moja moja kwa kazi zake. Hebu niambie, Ndugu Mwenyekiti, baridi hii yote, wewe ya kunusa unayo?"

Mwenyekiti akafungua mdomo kujibu, akapiga chafya.

Kicheko kile sijakisikia tena maishani. Bi Mwanaidi akasimama, fimbo mkononi. "Mimi huyu amenirudisha mpaka nikamchukia. Lakini maziwa yangu simpi Hoza ayadondoshee makamasi. Sitaki!" Wanawake wakaitikia hatutaki. Mwenyekiti, akitafuta pa kutokea, akatangaza Mama Zaina aendelee kwa muda, mpaka baridi iishe, kisha kamati itatazama upya. Mama akainua mabega yake yote mawili, akaenda kufungua mlango wa kituo. Baridi iliisha, ikaja nyingine, zikapita nyingi, na hakuna aliyetazama upya. Alikaa pale na kijiko chake na jiko la mkaa mpaka kituo chenyewe kikafa pamoja na mambo mengine ya wakati ule.

Hakunusa tena mpaka alipokufa. Mdogo wangu alipozaliwa, mama alinipa mtoto nimnuse kichwani kisha akaniuliza, "Ananukaje?" Nikamwambia ananuka maziwa mazuri. Akasema, "Kwa mkono gani?" Nikainua wa kulia. Iliniuma, na yeye ilimuuma.

Kwa hiyo kwenye hitima nilisimama, ingawa wanawake walinivuta nguo. Nikamwambia yule bwana, shikamoo kaka, umemsema vizuri mama lakini umemkosea. Nikawasimulia haya yote, kwa ufupi kuliko hapa. Mwishoni nikamgeukia. "Mama yangu alibaki na jozi kumi na moja, na zote alizifanyisha kazi. Wewe unazo kumi na mbili kamili, kaka. Umezifanyia nini?"

Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi. Nikaketi, nikaletewa chai ya maziwa, na kabla ya kuinywa nikadondosha tone kiganjani nikalionja.